Afya ya Jamaa: Sahani ya Baba na Sahani ya Mtoto



Mwezi huu tunazungumza juu ya mafuta. Si mafuta ya pikipiki wala ya taa, lakini mafuta ya ndani ya mwili: yale tunayokula, yale maini yetu yanatengeneza, na yale yanayopita katika mishipa ya damu. Maulizo juu yake yamekuwa mengi. Mama mmoja aliuliza hivi kisha ibada: "Pasta, banasema mawese iko mubaya ku moyo. Sasa tutapika na nini?" Kijana wa machimbo naye akauliza: "Kolesteroli njo kitu gani? Ni ugonjwa ya Bazungu ao inatuhusu na sisi?"

Maulizo haya si ya kuchekesha. Mnajua wenyewe kwamba kuko vifo viwili vinavyoleta ugomvi mkubwa katika jamaa zetu. Kifo cha kwanza ni cha mtoto mdogo aliyevimba miguu na uso, nywele zake zikageuka nyekundu, akazimika kama taa iliyokosa mafuta. Kifo cha pili ni cha mwanaume mwenye nguvu aliyepata franka katika dhahabu, na siku moja, bila homa wala kuhara, anashika kifua, anaanguka, kwisha. Kwa kifo cha kwanza watu wanamtazama bibi mzee wa lupango. Kwa kifo cha pili wanatafuta ndugu mwenye wivu. Vifo viwili, na mara nyingi hukumu ni moja: ulozi.

Kumbe kuko munganga mmoja aliyechunguza vifo vya namna hizo mbili hapa hapa Afrika, si mbali sana na sisi. Sehemu kubwa ya jibu aliipata katika sahani.

MUNGANGA ALIYEONA SAHANI ZOTE MBILI

Jina lake ni Hugh Trowell, Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1904. Alisomea udaktari London, akafika Kenya mwaka 1929 kama daktari wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1935 akahamia Uganda, ku hospitali ya Mulago mjini Kampala, na huko akafundisha pia vijana Waafrika kazi ya udaktari. Jumla alikaa Afrika ya Mashariki karibu miaka 30. Aliporudi kwao akawekewa mikono kuwa padri wa Kanisa la Anglikana, akachunga parokia ndogo karibu na mji wa Salisbury. Kisha, akiwa mzee tayari, alirudilia utafiti wake wa chakula na akaendelea nao miaka mingine mingi. Alifariki mwaka 1989.

Kazi yake iko na nusu mbili. Katika nusu ya kwanza alishughulika na watoto waliokosa chakula cha kujenga mwili. Katika nusu ya pili alishughulika na watu wazima ambao chakula chao kilizidi mafuta na sukari na kupungukiwa vitu vingine. Wengi wanafikiri mambo hayo mawili hayana ujamaa, kwamba moja ni la maskini na lingine la matajiri. Katika machimbo yetu yanaweza kulala chini ya paa moja.

BWAKI: MAFUTA YALIYOKWAMA NDANI YA MAINI

Tuanze na watoto. Pale Mulago wamama walileta watoto walioachishwa ziwa: miguu imevimba, ngozi inabambuka, nywele zimepoteza weusi wake, mtoto hataki kucheza wala kula. Sisi tunaujua ugonjwa huu. Upande wa Kivu wanauita bwaki, na kule Bukavu kuliundwa hata shirika la kupigana nao, Comité Anti-Bwaki.

Wakati ule waganga hawakupatana juu ya chanzo chake. Munganga mwanamke, Cicely Williams, aliyefanya kazi katika inchi inayoitwa sasa Ghana, aliandika juu yake mwaka 1933. Mwaka 1935 akautambulisha kwa jina la lugha ya Waga wa huko: kwashiorkor. Ni jina la ugonjwa unaomshika mtoto mkubwa wakati mdogo wake anapokuja kuchukua nafasi yake ziwani. Angalia hekima ya wamama wale: walikwisha kuona kwamba shida inaanza siku maziwa ya mama yanapokatika na hakuna kitu kizuri kinachoshika nafasi yake.

Trowell mwanzoni alifikiri ni namna ya ugonjwa mwingine wa kukosa vitamini. Kwa miaka aliendelea kuangalia, kupima na kulinganisha, mpaka akakubali kwamba ni ugonjwa wake wenyewe. Mwaka 1954 yeye pamoja na wenzake wawili wa Kampala, Davies na Dean, walitoa kitabu kikubwa juu ya kwashiorkor.

Sasa sikieni jambo la ajabu. Walipochunguza miili ya watoto waliokufa, walikuta maini yamejaa mafuta. Mtoto amekosa chakula, lakini maini yake yananona! Namna gani?

Mimina mawese katika kikombe cha maji. Yatapanda juu, hayatachanganyika. Damu nayo sehemu yake kubwa ni maji, kwa hiyo mafuta hayawezi kusafiri ndani yake hivi hivi. Maini yanayafunga kwanza katika vifurushi vidogo sana vyenye protini, kama vile mchuuzi anavyofunga mchele katika viloba kabla ya kuupakia juu ya kinga. Mtoto anayekula bugali tupu ya mihogo anakosa protini, ndiyo kusema maini yake yanakosa viloba. Mzigo unabaki gala. Ndani ya maini mafuta ni mengi, lakini ukipima damu ya mtoto huyo utakuta kolesteroli iko chini kabisa, na itaanza kupanda tena anapopona.

Leo waganga wanajua kwamba protini peke yake haielezi yote. Kuhara, minyoo, malaria na zaidi sana surua vinamsukuma mtoto dhaifu ndani ya bwaki. Na hapa jina la mji wetu linaingia. Katika miaka ya 1970 waganga wa Chuo cha Magonjwa ya Joto cha Antwerpen, Ubelgiji, walifanya kazi pamoja na watu wa afya wa kwetu katika ule uliojulikana kama Mradi wa Kasongo. Mwaka 1981 walitangaza katika gazeti la waganga la Lancet matokeo ya chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo wa miezi 7 mpaka 35. Chanjo iliokoa watoto, lakini sehemu ya faida ile ilipungua baadaye, na hiyo ikaleta ulizo: je, mtoto dhaifu aliyeponyoka surua anaweza kuchukuliwa na ugonjwa mwingine? Mwaka 1983 wakatangaza matokeo ya kupima uzito na urefu wa watoto. Walionyesha kwamba vipimo hivyo peke yake haviwezi kukuambia vizuri mtoto gani yuko karibu na kufa. Kwa bwaki jambo hilo ni wazi hata kwa mama wa kijiji: mtoto aliyevimba maji anaweza kuonekana mnene, na mizani inadanganywa na maji yale. Bonyeza mguu wake na kidole gumba. Kama shimo linabaki, usingoje kesho.

KOLESTEROLI NJO KITU GANI?

Sasa tumjibu kijana wa machimbo. Kolesteroli si sumu. Ni kitu kama nta laini, na kila chembe ya mwili wako inakihitaji. Mwili unakitumia kujenga kuta za chembe zake, kutengeneza nyongo inayosaidia kuyeyusha mafuta ya chakula, na kutengeneza vitu vinavyomfanya kijana wa kiume abalehe na wa kike apate siku zake. Sehemu kubwa mwili unaitengeneza wenyewe, zaidi sana katika maini. Wataalamu Konrad Bloch na Feodor Lynen walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1964 kwa kufunua njia za kazi hiyo.

Sehemu nyingine inatoka katika chakula cha wanyama tu: nyama, mayayi, maziwa, samaki. Katika mimea haimo. Karanga haina kolesteroli, maharagi hayana, hata mawese hayana.

Shida inaanza wakati vifurushi vinavyobeba kolesteroli vinapozidi katika damu. Maini yako na milango ya kuvipokea. Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, waliivumbua milango hiyo, nao wakapata tuzo ya Nobel mwaka 1985. Milango ikipungua, vifurushi vinabaki vinazunguka njiani. Kidogo kidogo vinaingia katika ukuta wa mishipa, vinapachika tope la mafuta, mshipa unakuwa mwembamba kama mfereji uliojaa matope. Siku moja damu inaganda pale na njia inafungwa. Ikiwa ni mshipa wa moyo, moyo unakosa damu na mtu anaanguka. Ikiwa ni wa kichwa, anapooza upande mmoja.

Hayo yote yanachukua miaka 20 ao 30 bila maumivu. Ndiyo maana watu wanasema: "Jana tulikuwa naye, alikuwa mzima!" Hakuwa mzima. Ugonjwa ulikuwa ndani, kimya.

KAMPALA, MWAKA 1956

Turudi kwa Trowell. Katika miaka yote aliyofanya kazi Mulago alishangaa kutoona kitu ambacho ndugu zake Uingereza walikiona kila juma: mtu kukamatwa na moyo kwa sababu ya mishipa iliyoziba. Kwa Waafrika wa Uganda ugonjwa huo ulikuwa kama haupo. Mwaka 1956 tu, yeye na mwenzake Singh waliandika juu ya mgonjwa mmoja Mwafrika. Huyo alikuwa mtu wa cheo, mwenye mwili mkubwa, aliyefuata maisha ya Kizungu.

Mwaka 1959 waganga wengine wa Kampala, Shaper na Jones, walitoa katika Lancet uchunguzi wa damu za Waafrika na za Wahindi wa Uganda. Mji ni ule ule, jua ni lile lile. Lakini Wahindi walikuwa na kolesteroli ya juu na ugonjwa wa moyo uliwasumbua sana. Waafrika walikuwa na kolesteroli ya chini, nao ugonjwa ule hawakuujua. Sahani zao zilikuwa mbali mbali. Waafrika wa pale walikula ndizi za kupika, viazi, mihogo, maharagi na majani. Wahindi walipika na samli na mafuta mengi zaidi.

Mwaka 1960 Trowell akatoa kitabu juu ya magonjwa yasiyo ya kuambukiza katika Afrika. Humo alionyesha magonjwa ambayo yalijaa Ulaya na kwa Waafrika wa vijiji yalikuwa haba: moyo, vijiwe vya nyongo na mengine. Hakusema ngozi nyeusi inakinga. Tangu wakati ule watu wetu wengi wameingia miji, wamebadilisha chakula, na magonjwa yale yamewafuata. Ngozi haikubadilika, chakula na maisha ndivyo vilivyobadilika.

KITU TULICHOKITUPA

Munganga wa upasuaji Denis Burkitt alikuwa naye Uganda. Miaka ya baadaye yeye na Trowell waliungana kutafuta nini kilikuwa katika chakula cha vijijini na kimepotea katika chakula cha Ulaya. Jibu lao: nyuzinyuzi. Ni zile sehemu za mimea ambazo tumbo haliziyeyushi: maganda ya maharagi, pumba za nafaka, nyuzi za majani na matunda. Wengi walizihesabu kuwa takataka.

Mtanisamehe kwa neno linalofuata, lakini ni la afya. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake walitangaza vipimo vya choo! Wanakijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, Waingereza karibu 100 tu. Chakula cha mwanakijiji kilipita mwilini kwa siku moja na nusu, cha Mwingereza kwa zaidi ya siku tatu. Mwaka huo huo Trowell aliandika akiunganisha nyuzinyuzi na ugonjwa wa mishipa ya moyo, na mwaka 1975 wawili hao wakatoa kitabu pamoja.

Nyuzinyuzi zinahusikaje na kolesteroli? Nyongo inatengenezwa kutoka kolesteroli. Kisha kufanya kazi tumboni, sehemu yake kubwa inarudi katika maini kutumiwa tena. Lakini ukila maharagi, utelezi wake unashika ile nyongo na kutoka nayo katika choo. Maini yanalazimika kutengeneza nyongo mpya, na kwa kazi hiyo yanafungua milango yao na kuvuta kolesteroli kutoka katika damu. Sahani ya maharagi inafagia mishipa bila wewe kusikia kitu.

Je, wakati umewahakikisha? Mwaka 2019 Lancet ilitoa mkusanyo mkubwa wa uchunguzi wa inchi nyingi, uliofanywa kwa ombi la Shirika la Afya Duniani. Ulionyesha kwamba wanaokula gramu 25 mpaka 29 za nyuzinyuzi kwa siku wanakufa kidogo zaidi, na wanapata ugonjwa wa moyo kidogo zaidi, kuliko wanaokula kidogo. Kikombe kimoja cha maharagi yaliyoiva kina zaidi ya gramu 10. Kikombe cha wali mweupe hakifiki gramu 1. Mchele wetu wa Maniema ukitwangwa katika kinu unabaki na sehemu ya pumba zake. Ule mweupe sana wa mashini umezipoteza.

NA MAWESE?

Sasa mama, tujibu ulizo lako. Mawese hayana kolesteroli. Lakini karibu nusu yake ni mafuta ya namna ile inayoganda, na mafuta hayo yakizidi yanapunguza milango ya maini na kupandisha kolesteroli mbaya ya damu. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya namna hiyo yasipite sehemu moja ya kumi ya nguvu zote za chakula cha siku.

Upande wa pili, ule wekundu wa mawese ni mali. Mwili unaugeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho ya mtoto na kumsaidia kupigana na surua. Mtoto aliyeachishwa ziwa anahitaji mafuta: kijiko kidogo cha mawese mekundu katika uji wake ni msaada mkubwa. Lakini ukiyachoma katika sufuria mpaka yawe meupe, umechoma vitamini ile yote na kubaki na sehemu nzito tu.

Kwa hiyo hatusemi tuache mawese. Tunasema tuyapime kwa sahani. Kwa mtoto aliyekonda, tuongeze. Kwa baba mwenye kitambi na tensio ya juu anayekula sombe inayoogelea, tupunguze. Na yale mafuta ya kukaangia mikate, yaliyopikwa leo, kesho na kesho kutwa mpaka yamekuwa meusi, tusiyarudishe tena katika sufuria.

WENGINE WATAULIZA JUU YA WAMASAI

Vijana waliosoma watasema: "Wamasai wanakunywa maziwa na kula nyama, lakini mioyo yao ni mizima." Ni kweli kwamba mwaka 1964 Mmarekani George Mann na wenzake walitoa uchunguzi wa Wamasai wa Tanganyika, na hawakuona ugonjwa wa moyo kama walivyofikiri. Kolesteroli yao ilikuwa chini. Lakini mwaka 1972 Mann alitangaza uchunguzi wa mioyo ya Wamasai 50 waliokufa: tope la mafuta lilikuwemo katika mishipa, ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana na damu ilipita. Watu hao walitembea na ng'ombe kutwa nzima. Waganga wengine mwaka 1971 walionyesha kwamba miili yao inapunguza kutengeneza kolesteroli pale chakula kinapoleta nyingi.

Fundisho kwetu: kazi ya miguu ina nguvu kubwa. Kijana anayechimba na kubeba mawe siku nzima anaulinda moyo wake kwa jasho lake. PDG wa shimo anayekaa kitini, anayepanda moto hata kwenda hatua mia, asijilinganishe na Mmasai.

SAHANI ZA MACHIMBO YETU

Tuseme wazi sasa. Baba anapata gramu zake za dhahabu, anauza. Pale pale malewa zinamngoja: nyama ya mafuta, mikate ya kukaanga, sardini, chai yenye sukari vijiko vitano, pombe ya chupa ao lotoko, na tumbaku juu. Sukari nyingi na pombe vinageuzwa na maini kuwa mafuta mengine ya damu. Chumvi inapandisha tensio. Tumbaku inachubua kuta za mishipa na kufungulia tope mlango. Huko nyumbani shamba limeachwa kwa sababu mikono yote imeenda machimboni, na mtoto wa miaka miwili anapewa bugali na mchuzi mtupu. Siku baba anapofika na nyama, vipande vinamwendea yeye na wageni wake, mtoto analambishwa supu.

Hapo sahani zote mbili ni mbaya: moja imezidishiwa, nyingine imenyimwa. Dawa inaweza kutoka katika sufuria moja:

1. Tulime tena maharagi, karanga na soya, hata kama tuko na shimo. Bei ya vitu machimboni ni kali, lakini mbegu tunazo.

2. Sombe, lengalenga na matembele kila siku. Sombe itwangwe na kuchemshwa vizuri, kwa kuwa sumu ya mihogo imo hata katika majani yake.

3. Mtoto atangulie kupata chakula cha kujenga: ndakala zilizosagwa katika uji, karanga, yayi, maharagi yaliyopondwa. Yayi si baya kwa mtoto, na kwa watu wazima wengi yayi haliogopeshi kama mafuta ya kuganda na tumbaku.

4. Karanga zikaushwe juani vizuri. Zile zenye ukungu zitupwe, zinaharibu maini.

5. Mama aendelee kunyonyesha mpaka miaka miwili na zaidi, na wazazi wapange uzazi ili mdogo asimfukuze mkubwa ziwani mapema.

6. Mtoto apelekwe kupata chanjo ya surua.

7. Kila mtu aliyepita miaka 40 apimwe tensio. Mahali pengi vijijini kipimo cha kolesteroli hakuna, lakini mashini ya tensio inapatikana, na inaonya mapema.

Mtoto aliyevimba asipewe kwa nguvu sahani kubwa ya nyama nyumbani. Mwili wake hauwezi kuibeba kwa mara moja, unaweza kumuua. Apelekwe ku kituo cha afya. Huko waganga wanaanza na maziwa ya dawa kidogo kidogo, na kisha ile pati ya karanga iliyochanganywa na maziwa, sukari, mafuta na vitamini. Karanga yetu ndogo njo msingi wa dawa inayotumiwa dunia nzima!

Na mtu mzima anayebanwa kifua kama amewekewa jiwe, maumivu yakienda mkononi ao shingoni, jasho baridi likimtoka. Ao mdomo umepinda upande mmoja, mkono umelegea, maneno hayatoki vizuri: huyo abebwe hospitali saa ile ile. Asipelekwe kwanza kuchanjwa na wembe.

KABLA YA KUTAJA JINA LA MTU

Ndugu, tunamaliza kwa neno zito. Bibi wazee wangapi wamefukuzwa katika nyumba zao kwa sababu mjukuu alivimba? Ndugu wangapi wa tumbo moja hawasalimiani tena kwa sababu mkubwa wao alianguka ghafula na mdogo akatajwa? Hatusemi kila kifo kimetoka katika chakula. Mioyo inasimama kwa sababu nyingi, na watoto wanakufa na magonjwa mengi. Lakini tukikaa katika kilio na mtu akafungua mdomo kutaja jina la jirani, wazee wa kanisa wawe wa kwanza kuuliza: Mtoto alikuwa anakula nini tangu aachishwe ziwa? Alipata chanjo? Marehemu alipimwa tensio lini? Alivuta? Alikunywa?

Maulizo hayo hayarudishi marehemu. Lakini yanaweza kuokoa mtoto anayefuata katika nyumba ile, na yanaweza kumwacha bibi mzee alale usingizi katika nyumba yake.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI AO KATIKA KIKUNDI CHA VIJANA

1. Katika nyumba yetu nani anapakuliwa kwanza, na nani anapata kipande cha samaki ao nyama?

2. Juma lililopita tulikula maharagi, karanga ao majani mara ngapi?

3. Shamba letu limekuwaje tangu tuanze kazi ya machimbo?

4. Kuko mtu katika jamaa yetu aliyetajwa mulozi juu ya kifo ambacho hatukuuliza sababu yake ku hospitali? Tunaweza kufanya nini ili kupatana naye?